Tusiache Ufuo wa Mombasa Uishie Ukutani

Wakazi wenzangu wa Nyali, Kongowea, Bamburi na Shanzu, maji ya bamvua yakijaa, shukeni ufuoni mjionee. Palipojengwa ukuta wa mawe hamtapata pa kukanyaga. Wimbi hupiga ukuta, likarudi kwa nguvu na kuuchota mchanga wa chini yake hadi misingi ibaki wazi. Pasipo na ukuta wimbi hupanda taratibu, likachoka, likauacha mchanga wake.

Mchanga huu mweupe kwa sehemu kubwa umezaliwa baharini: ni matumbawe na makome yaliyosagika miaka na miaka kule mwambani mawimbi yanakovunjikia. Kusi ikivuma huusukuma kaskazini, na kaskazi ikaurudisha kiasi. Ukuta ukiingilia safari hiyo, jirani ndiye anayeumia. Ufuo wake unaliwa, naye anajenga wake, na wa tatu vivyo hivyo. Tena mwamba wenyewe una majeraha. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu.

Watoto wanaoogelea na tyubu za kukodi pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, wauza madafu, wavuvi wanaopandisha ngalawa zao, wote hawa hawana ufuo mwingine. Wenye hoteli pia si maadui zetu. Mgeni hatoki Ujerumani kuja kutazama ukuta, na hilo wao wanalijua.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Basi kila mtaa uorodheshe njia za kushukia baharini, zilizo wazi na zilizofungwa geti, na orodha ifike kwa mwakilishi wa wadi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikiitisha maoni kuhusu mradi wa ufuoni, tuandike na tuhudhurie. Wazee wa bandari za wavuvi, wanaojua maji yalikuwa yakifika wapi zamani, tuwape nafasi ya kwanza kusema. Anzeni na njia iliyo karibu na nyumba yenu, wiki hii.