Kambi za Sayansi ya Anga Zisigeuke Darasa Lingine

Tunazipongeza shule na parokia zinazotumia likizo ya Juni kuandaa kambi za mchana za sayansi ya anga, wanafunzi wakirudi kwao jioni. Hofu yetu ni kwamba kambi ya namna hiyo hugeuka upesi kuwa darasa lingine: projekta, daftari, soda, cheti.

Fimbo moja uwanjani hufundisha zaidi. Vitabu vingi vimeandikwa kaskazini ya mbali, navyo husema jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Mwanafunzi wa Dodoma asimike fimbo mwezi Juni, kila nusu saa aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Ataona kivuli kifupi kuliko vyote kimeelekea kusini; jua, basi, liko kaskazini. Arudie Desemba, akute kimegeuka. Hapo ameanza kukihoji kitabu, na huo ndio mwanzo wa sayansi.

Na roketi? Chupa ya soda ya plastiki, maji theluthi moja, kizibo chenye valvu na pampu ya baiskeli (watoto wakae mbali!). Wakisharusha, waelezwe kwamba Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Kwa vifaa hivyo, ada kubwa haina utetezi. Inawaacha nje watoto wa wakulima. Tena kambi ianze saa nne, ili binti anayechota maji asubuhi awahi.