Hiyo si Dawa, Ni Sumu

Wasee, leo nina shida na neno moja tu: dawa. Ukiumwa kichwa unameza dawa. Mtoi akikohoa anapewa dawa. Halafu mkulima akiona viwavi kwenye sukuma wiki, anaenda agroveti kununua nini? Dawa! Neno lile lile. Nani alituambia sumu inaitwa dawa?

Mtasema haya ni maneno tu. Zii. Mtu akiamini kitu ni dawa, ataongeza kipimo ndio ifanye kazi haraka. Ataishika bila glavu. Ataiweka jikoni kando ya unga. Jina lenyewe limemwambia hakuna noma.

Na si eti Kiswahili kimekosa maneno. Kuna kiuawadudu, kuna kiuagugu, kuna kiuakuvu. Hata kama hujawahi kushika jembe, hapo "kiua" unaisikia. Lakini maneno haya yamelala vitabuni. Sisi kilimo tulifunzwa kwa Kiingereza, tukakariri, tukapita mtihani, tukasahau.

Sasa kuna hizi siku za kungoja: kati ya kupuliza mara ya mwisho na kuvuna, mkulima lazima asubiri idadi ya siku iliyoandikwa kwa lebo. Ng'ombe pia. Akidungwa antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku zake ziishe. Yakiwa bado na hiyo antibiotiki, hata mala inakataa kuganda, juu bakteria wa kugandisha wanauawa. Na wewe unayatia kwa chai.

Mwaka 2013 Ulaya ilianza kukagua mishiri na minji kutoka Kenya kwa ukali, sababu ni mabaki ya hizi sumu. Wao walijikinga. Sukuma ya mtaani kwako nani anaipima kabla uile?

Sisemi mkulima asipulize. Wadudu watamaliza shamba na sote tulale njaa. Simlaumu mama mboga pia, yeye huletewa tu. Nasema hivi: anayeuza aseme kwa mdomo, kwa lugha ya mnunuzi, "Hii ni sumu, ngoja siku kadhaa ndio uvune." Hiyo inahitaji bajeti gani?

Na msiniletee ile ya "wewe huna digrii." Niliacha chuo, sikuacha kula.

Kesho ukienda kununua mboga, uliza: hii ilipulizwa sumu lini? Sema sumu. Usiseme dawa.