Ndizi Ziuzwe kwa Kilo

Ndizi za Kisii na Nyamira ziuzwe kwa mizani, si kwa kukadiria mkungu kwa macho.

Mwaka 1974, wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kwamba tarakimu inayotajwa kwanza, hata ya kubahatisha, huvuta makadirio yanayofuata. Dalali akitangulia kutaja bei duni shambani, mkulima huomba nyongeza kidogo tu, akadhani ameshinda.

Tena ndizi haingoji. Anayehofia iozee mkononi hukubali upesi, na dalali anajua.

Mizani haitamaliza ulaghai wote, lakini uzito haubishaniwi. Wanaosimamia masoko ya Daraja Mbili na Keroka, ambao kamwe hawasahau ushuru, waweke mizani iliyokaguliwa na kubandika bei ya kilo kila siku ya soko.