Bunduki ya upepo ndani ya begi: Ndege ikikubali, Kenya je?

Desemba ikikaribia, simu za kutoka majuu huja na swali lile lile: "Nikuletee nini?" Wengi huitisha simu au raba. Ila siku hizi usishangae ukisikia mtu akiitisha bunduki ya upepo. Kwenye Olimpiki za Paris 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki alishinda medali ya fedha mkono mmoja ukiwa mfukoni, na picha yake ikazunguka mitandaoni dunia nzima. Bastola aliyoshika haina baruti. Ni hewa iliyoshindiliwa inayosukuma kirisasi cha milimita 4.5.

Basi unamwambia binamu yako aliye Marekani akununulie moja. Huko si noma. Sheria ya kitaifa ya Marekani inahesabu bunduki kuwa ni kitu kinachofyatua kwa mlipuko, kwa hivyo ya upepo haimo, ingawa baadhi ya majimbo na miji ina masharti yake. Binamu anaipata dukani kama anavyonunua mpira. Anauliza uwanja wa ndege, anaambiwa haiwezi kuingia na begi la mkononi, lakini kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta inaruhusiwa, mradi mtungi wa hewa umetolewa na shirika la ndege limekubali. Vile vichupa vya gesi ya kaboni avisahau kabisa, kwa sababu gesi iliyoshindiliwa ni hatari ndani ya ndege.

Hapo ndipo wengi hudhani mambo yameisha. Kumbe shirika la ndege limejibu swali moja tu: je, mzigo huu ni salama kusafirishwa? Halijasema kama unaruhusiwa kuwa nao ukishatua.

Na ukitua Nairobi, begi ni lile lile lakini jina la kilichomo limebadilika. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka silaha zote za Sura ya 93 ya orodha ya forodha kwenye bidhaa zenye masharti ya kuingizwa nchini. Ndani ya sura hiyo, nambari 93.04, bunduki na bastola za springi, hewa au gesi zimetajwa waziwazi. Ukiingiza bidhaa ya aina hiyo kinyume na masharti, unaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Kumwambia afisa wa forodha "hii ni ya kuchezea tu" hakutakuokoa.

Halafu kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hiyo haiulizi kama kuna baruti. Inaangalia silaha yenye mtutu, ya aina yoyote, inayoweza kurusha kitu na kuua. Silaha ya namna hiyo huwezi kuimiliki bila cheti, na vyeti viko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Kwa hivyo anayetaka mchezo huu kwa dhati aanzie kwa bodi, kabla hata ya kumtumia binamu pesa. Kibali kwanza, kisha shirika la ndege, na kila shirika kama safari ina ndege za kuunganisha. Mwisho ni kutangaza mzigo kwa forodha.

Kwa mtu wa Kakamega, safari haiishii Nairobi. Wengi hupanda ndege nyingine hadi Kisumu, kisha gari kwa kilomita kama 50. Njiani kuna ukaguzi, na kwa polisi barabarani, bastola ya upepo haina tofauti na ile ya kweli. Ukifika nyumbani, msitu uko karibu na vishawishi ni vingi. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu 1977, na ndege wa Msitu wa Kakamega, akiwemo yule turako mkubwa wa buluu, si shabaha ya mazoezi.

Kosa si la vijana pekee. Mlenga shabaha wa Olimpiki huanza na silaha hii hii, na kijana wa Kakamega ana haki ya kuota medali kama mwenzake wa Ankara. Anachohitaji ni maelezo ya Kiswahili rahisi, mahali pamoja, yanayosema nani anatoa kibali, kwa masharti gani na kwa ada gani. Leo anapaswa kuchambua sheria mbili na masharti ya kila shirika la ndege. KRA na Bodi ya Leseni za Silaha zinaweza kuyaandika haya kwenye ukurasa mmoja kabla ya Desemba.

Kwa sasa, binamu akipiga simu, mwambie alete raba.