Majina Yamefufuka, Shairi Je?

Wapo wanaoisifu albamu ya Secret of the Runes, iliyotolewa mwaka 2001 na kundi la Therion la Uswidi, kwa sifa isiyoistahili. Hudai kwamba imeufufua ushairi wa kale wa Skandinavia. Haikuufufua. Imefufua majina, na jina si shairi.

Haki itangulie lawama: wanaoiita kelele nao wamekosea. Christofer Johnsson, mwasisi wa kundi, ameoanisha gitaa za umeme, kwaya na ala za okestra kwa ustadi. Mpangilio nao una mantiki. Hutangulia Ginnungagap, utupu uliokuwako kabla ya dunia zote, hufuata nyimbo tisa, kila wimbo na dunia yake, kuanzia Midgård ya wanadamu hadi Helheim ya wafu, kisha tamati.

Lakini maneno yalitungwa na Thomas Karlsson, mwasisi wa Dragon Rouge, chama cha wafuasi wa elimu za siri. Alichokisaka ni siri ya herufi za kale, si mizani ya malenga. Hata orodha yenyewe ya dunia tisa haimo katika mashairi ya kale. Utenzi wa Völuspá husema tu kuwa ziko tisa, wala hauzitaji moja moja. Walioziorodhesha ni watu wa baadaye.

Kilichomo katika mashairi hayo ni ufundi. Kila mstari una vipande viwili, kila kipande kina mikazo miwili, na vipande hufungwa pamoja kwa sauti zinazolingana mwanzoni mwa maneno yenye mkazo. Lugha ile hukazia silabi ya kwanza, basi kufuli likatiwa mwanzoni. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina kikapata makao yake mwishoni. Kufuli mbili, kazi moja: kulilinda neno lisipotee kinywani.

Snorri Sturluson wa Aislandi alilijua hilo. Alipoandika Edda yake mnamo mwaka 1220, kisiwa chake kilikuwa kimekwisha kuwa cha Kikristo kwa zaidi ya miaka 200. Hakutaka miungu ya kale iabudiwe tena. Alitaka vijana watungaji wasiupoteze ufundi, akawahifadhia visa vya wahenga pamoja na beti zaidi ya 100 za mifano ya bahari. Kwake kisa na mizani havikuachana.

Albamu imevitenga. Imechukua shehena, ikakiacha chombo ufukoni.

Mtu akiyatwaa majina ya mashujaa wa utenzi, akayatia katika ngoma mpya pasi na vina wala mizani, huenda ngoma ikawa tamu na watu wakaicheza. Lakini ni nani katika pwani hii atakayethubutu kusema kwamba utenzi umefufuka? Basi malenga wa Aislandi wasinyimwe heshima hiyo hiyo.