Pedi ya gemu: usiuziwe sura!
Pedi za bei nafuu zisizo na waya zimejaa madukani, na zote zinang'aa. Mimi sidanganyiki na sura. Kwanza nauliza: inakubali mashine gani? Pedi ya PS4 ukiiunga kwenye PS5 itacheza gemu za PS4 tu. Za PS5 itagoma. 8BitDo Ultimate 2C Wireless ni bomba kwenye kompyuta na simu za Android, ila kwenye PlayStation ni pambo. Pili, nataka vijiti vinavyotumia sumaku. Vya kawaida husuguana ndani vikachakaa, mwisho mchezaji wako anajitembeza mwenyewe uwanjani! Tatu, naijaribu palepale dukani. Muuzaji akikataa, ondoka na mshiko wako. Wiki ijayo, panapo majaliwa.