Mashine ya Picha Nayo Ifunzwe Adabu ya Lugha

Mwezi Aprili 2023 nilihudhuria arusi ya mpwa wangu mjini Malindi. Kando ya ukumbi palikuwa na kibanda cha kupigia picha na kunasia video. Mgeni huingia, huketi mbele ya skrini, na sauti iliyorekodiwa humwelekeza atazame wapi na aanze kusema lini. Baadaye maharusi hupewa picha na salamu za wageni wao wote. Ni uvumbuzi mzuri, nami siulaumu.

Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 78 wakati huo, aliingia humo na maneno aliyoyaandaa tangu asubuhi. Sauti ilimsemesha kwa Kiingereza. Mlio ukalia, naye akangoja. Tulipoitazama video hiyo baadaye, tulimwona ameketi kimya kwa muda wa dakika nzima, mikono mapajani, kisha akageukia mlangoni na kuuliza, "Wanasemaje hawa?" Video ikakatikia hapo. Shangazi aliaga dunia mwaka uliofuata, na wosia aliotaka kumpa bi arusi haukunaswa popote.

Huenda msomaji akasema kuwa dawa ya tatizo hili ni rahisi: maelekezo na yatafsiriwe kwa Kiswahili. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka wanafunzi wangu wa isimu walipotengeneza kibanda cha aina hiyo kwa ajili ya mahafali na kuniletea maelekezo waliyokwisha kuyatafsiri kwa kompyuta. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mashine yaweza kusema maneno ya Kiswahili bila ya kusema Kiswahili.

Maelekezo ya kwanza yalikuwa, "Picha yako inachukuliwa." Katika lugha yetu picha hupigwa. Picha ikichukuliwa, mtu ana haki ya kuuliza imechukuliwa na nani na imepelekwa wapi. Ya pili yalikuwa, "Shiriki ujumbe wako." Mtu hushiriki katika jambo, kama vile sherehe au mazishi, ujumbe hutolewa au hupelekwa. Ya tatu yalimtaka mgeni aseme "jibini" ili atabasamu. Lazima nikiri kwamba kifonetiki neno hilo halina kasoro, maana irabu zake zote tatu ni "i", na irabu hiyo ndiyo itandazayo midomo. Lakini ni babu gani atakayeelewa jibini imeingiaje katika mahafali ya mjukuu wake? Tulilibadilisha tukaweka "shilingi", neno lenye irabu hizo hizo, na wageni wakacheka kwa hiari yao.

Tatizo kubwa zaidi lilijitokeza katika hesabu. Wanafunzi walinuia kurekodi tarakimu mara moja tu, kisha kuzipachika popote zitakapohitajika. Mbinu hiyo haiifai lugha yetu. Twasema picha mbili, watu wawili na viti viwili. Tena kitenzi nacho hubadilika: imebaki picha moja, lakini zimebaki picha tatu. Mashine iliyopachikwa tarakimu itatamka "watu mbili" mbele ya mwalimu wa Kiswahili bila haya. Dawa yake haina gharama. Iwapo kibanda hupiga picha nne kwa kila mgeni, sentensi zinazohitajika ni chache mno. Kila moja na irekodiwe nzima nzima. Tarakimu pweke zibakie mahali pake panapofaa, yaani katika kuhesabu kabla ya picha kupigwa: tatu, mbili, moja.

Kuna na suala la kiimbo. Katika Kiswahili, swali na taarifa vyaweza kuwa na maneno yale yale, tofauti ikawa katika sauti pekee. Kibanda chetu kilikusudia kuuliza, "Umemaliza?" Sauti ya kompyuta ikalitamka neno hilo bila kulipandisha, likawa taarifa: umemaliza. Katika majaribio, wazee wawili waliinuka wakaenda zao kabla hawajasema neno. Tuliongeza "Je" mwanzoni, na badala ya sauti ya kompyuta tukatumia sauti ya mwanafunzi mmoja aliyezoea kutangaza mikutano ya chama cha Kiswahili.

Hali kadhalika, kuna adabu. Amri tupu kama "Keti!" au "Tazama!" yaweza kumfaa mtoto, lakini haimfai mzee aliyesafiri usiku kucha kuja kumpongeza mjukuu. Lugha yetu ina njia za kulainisha amri: karibu uketi, tafadhali utazame juu ya skrini. Maelekezo yetu ya mwisho yaliendelea hivi: "Karibu uketi. Ukisikia mlio, mtakie mhitimu heri. Una dakika moja." Zikisalia sekunde kumi, taa huwaka badala ya sauti, ili mashine isimkate mgeni kauli. Halafu, "Ahsante. Salamu zako zimehifadhiwa." Kila sentensi ina jambo moja, na baada yake pana kituo cha kutosha kwa mtu kulitenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kuwa taifa lina matatizo mazito kuliko vibanda vya picha. Sikubaliani nao. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini hadhi hiyo haimfikii mwananchi kupitia katiba peke yake. Humfikia pale anaposemeshwa, na siku hizi aghalabu anayemsemesha ni mashine: kwenye simu, benki, hospitalini. Asipoielewa sauti iliyomo kibandani, atakosa picha. Asipoielewa iliyomo hospitalini, atakosa zaidi ya hiyo.

Kwa hivyo, nawageukia walimu wenzangu wa shule za upili. Katika isimujamii mnawafunza wanafunzi sajili za sokoni, mahakamani na hospitalini. Ongezeni sajili ya mashine. Wapeni wanafunzi kazi ya kutunga maelekezo matano ya kibanda cha picha, wayarekodi kwa simu, kisha wayajaribu kwa mtu ambaye hakuhudhuria somo, hasa mzee wa nyumbani. Akikwama, kosa si lake. Sentensi ndiyo irudishwe darasani.

Nanyi wanafunzi mnaouliza kila mwaka shahada ya Kiswahili itawapa kazi gani, kazi mojawapo ni hii. Wanaounda mashine hizi wanajua nyaya na programu. Tusipokwenda kuwaeleza jinsi mtu anavyokaribishwa kwetu, watalazimika kukisia.

Siku ya mahafali, bibi mmoja aliingia kibandani akakaa humo dakika yake nzima. Alipotoka alisema, "Huyo kijana wa ndani ana adabu." Nilimfikiria shangazi yangu.